Nguruwe wanahema kwa tumbo, watatu wamekufa, jirani anasema fangasi ya mapafu. Naombeni msaada

Mkulima_wa_Vwawa

Wakuu habari za usiku, poleni na majukumu. Niko Mbozi huku, nina nguruwe 14, yani nilikuwa nao 14, sa hivi wamebaki 11 na hapa naandika nimetoka bandani na tochi ya simu.

Iko hivi. Tangu mwezi wa sita wale wadogo wa miezi mitatu minne walianza kukohoa, kikohozi kikavu, asubuhi ukiwaamsha wakakimbilia chakula ndo wanakohoa mfululizo mpaka wengine wanakaa kitako kama mbwa. Hakuna aliyekuwa anakufa, wanakula, ila hawakui. Nikasema ni baridi maana huku mwezi wa sita na wa saba sio mchezo, nikaziba banda na maturubai pande zote na maranda nikamwaga ya kutosha.

Sasa Jumamosi iliyopita nimekuta mmoja kasimama kwenye kona kichwa chini, anahema kwa tumbo, ubavu unaingia na kutoka kama mvukuto wa mhunzi, mdomo wazi, ukimgusa hataki hata kupiga hatua. Masikio na pua vimekuwa vya bluubluu. Jioni kafa. Jumatatu wakafa wawili tena, na cha ajabu hawa waliokufa sio wale wa kukohoa, ni wale wakubwa wa kilo 60 kwenda juu, wenye afya zao, walaji wazuri, wale ambao nilikuwa nawahesabia hela ya mbolea.

Jirani yangu nae anafuga, kaja, kafukua maranda na mguu kukaonekana ukungu mweupe chini, akasema basi hiyo ndo fangasi imewaingia mapafuni, ninunue vidonge vya fangasi vya binadamu nisage nichanganye kwenye pumba. Dukani nako wameniuzia OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ile ya sindano) na penisilini, nimewachoma wote juzi, sioni mabadiliko.

Naomba kujua, fangasi ya mapafu kwa nguruwe ipo kweli? Na kama ipo hivyo vidonge dozi yake inakuwaje? Nina jike ana mimba ya miezi miwili na nusu hivi, huyo ndo naogopa kuliko wote.

chizi_kitimoto

Mkuu chinja wote leo, fangasi ikishaingia kwenye mafuta ya moto inajua yenyewe pa kwenda 😂 tuambie tu kijiwe kiko wapi tuje na ndimu

MamaPili_Makambako

We chizi mwenzio anafiwa na mtaji unaleta ndimu. Nyama ya mnyama aliyekuwa anahema hivyo na kachomwa OTC juzi hailiwi, sindano zenyewe zina siku zake za kusubiri, soma kichupa.

Mleta mada pole sana baba. Mi sio daktari ila nafuga mwaka wa kumi na moja huu. Ngoja wataalamu waje, ila hilo turubai kalitoe hata usiku huu. Sio lote, toa la juu kule karibu na bati hewa iliyochoka itoke, la chini waachie lizuie upepo usiwapige wakiwa wamelala.

DoktaKwato

Mkuu nimeona uzi wako. Vidonge vya fangasi weka pembeni kwanza, kuna kitu inabidi tukiondoe kwenye orodha kabla ya kingine chochote, nacho ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ile haina tiba na inafagia banda zima, na masikio kubadilika rangi ni moja ya dalili zake. Kwaiyo nijibu haya:

Umewapima joto? Nguruwe mzima anacheza kwenye 38.5 mpaka 39.5 hivi. Homa ya nguruwe inampeleka 41 na zaidi, wanalaliana, hawali, ngozi ya tumbo na masikio inakuwa nyekundu au zambarau, wengine damu puani au kwenye mavi.

Kuna uliyemfungua? Kama hujafungua na wana homa kali USIFUNGUE, funga banda, mtu asiingie asitoke, mpigie afisa mifugo wa kata.

Na wanakula nini. Sio "pumba" tu, niambie kila kitu, umenunua lini, kwa nani sitaki kujua ila ni mzigo wa namna gani. Umebadilisha chakula hivi karibuni?

Mkulima_wa_Vwawa

Dokta asante sana kwa kunijibu usiku huu. Nimewapima saba. Nimetumia kipimajoto cha mtoto (mama watoto hajui na nyie msimwambie). Wa juu kabisa alikuwa 39.4, wengine wote 38.9, 39.1 huko huko. Ngozi ya tumbo iko kawaida, damu hakuna popote, mavi kawaida. Wanakula isipokuwa mmoja ambaye naona nae anaanza kuhema juujuu.

Yule wa tatu tulimfungua Jumatatu, kuna kijana mchinjaji hapa mtaani. Dokta mimi nimeona nguruwe wengi wakipasuliwa ila hii sijawahi. Alipofungua tu kifua yakamwagika maji ya njano, maangavu ya kuonekana upande wa pili, kama chai ya mchaichai, tukakadiria lita moja na zaidi. Mapafu mazito, yamevimba yamejaa kifua chote, kijana akakata kipande akakiminya ikatoka maji na povu kama sponji ya kuoshea vyombo. Usaha hamna, harufu mbaya hamna. Maini yalikuwa na madoa meupe meupe.

Chakula ndio nimebadilisha. Hawa wakubwa na jike walikuwa wanakula pumba ya mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Pumba ikapanda bei. Jumanne ya wiki ile, yani siku nne kabla ya huyu wa kwanza kufa, nikapata gunia nane za machambuo kwa mfanyabiashara, yale mahindi wanayoyatoa wakipanga mzigo wa kusafirisha, mapande, yaliyotobolewa na wadudu, mengine yana rangi ya pinki na michirizi myeupe. Bei nusu ya pumba. Nikasagisha na hawa wakubwa nikawabadilishia kabisa. Wadogo bado wanamalizia pumba ya zamani.

jamaa_wa_fangasi

Mi nasapoti jirani. Kuku wangu vifaranga walikufa hivyo hivyo wanahema mdomo wazi, daktari akapasua akanionesha vidonda vya njano kwenye mapafu akasema ni ukungu wa maranda yenye unyevu. Kwanini isiwe kwa nguruwe? Mpe ketokonazo, vile vidonge vya fangasi, uone.

DoktaKwato

Mkulima wa Vwawa, kabla hujasoma mengine yote hapa: toa hayo machambuo kwenye vihori SASA HIVI, fagia hata mabaki, osha. Warudishie pumba ya zamani wanayokula wadogo hata kama itakuwa kidogo. Na hao wakubwa msiwakimbize, msiwahamishe, msiwachome sindano tena kwa kukimbizana nao, waache walale na maji ya kutosha. Nitakwambia kwanini.

Haya, sasa twende taratibu.

Jirani yako kukosea hajakosea sana. Fangasi ya mapafu kwa nguruwe ipo. Huyo jamaa hapo juu nae alichoonyeshwa kwa vifaranga ni kweli, inaitwa aspagilasi, inakaa kwenye maranda yaliyolowa na majani yaliyooza, kifaranga akivuta vumbi lake anakwisha. Kwa nguruwe hiyo ni nadra. Kuna nyingine inaitwa pneumosisti, wataalamu wa Ulaya, Austria hasa, wameikuta sana kwenye mapafu ya nguruwe walioachishwa kunyonya, mara nyingi imepanda juu ya maradhi mengine, yani mapafu yameshaumia na yenyewe inaongezea. Ndugu yake wa binadamu ndio ile nimonia iliyoonekana kwa vijana watano Los Angeles mwaka 1981, habari ya UKIMWI ikaanzia pale. Ya nguruwe inabaki kwa nguruwe, haikuhamii wewe. Na sasa sikiliza utamu wake, hata nguruwe wako wangekuwa nayo hiyo, vidonge vya ketokonazo visingefanya kitu, maana dawa hizo zinashambulia mafuta fulani kwenye ngozi ya fangasi ambayo hii haina. Inatibiwa kwa salfa na trimethoprimu. Kwaiyo kusaga vidonge kwenye pumba ungeunguza ini la mnyama na hela yako.

Ila nguruwe wako wakubwa hawajafa na fangasi iliyoota kwenye mapafu. Mnyama hana homa, hana usaha, anakufa ndani ya siku chache tangu abadilishiwe mahindi, kifua kimejaa maji ya njano, mapafu kama sponji. Ukimwambia daktari yeyote aliyesomea nguruwe maneno hayo bila kumtajia jina la ugonjwa atakwambia fumonisini. Ni sumukuvu, ila sio ile aflatoksini iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, hii ni nyingine. Inatengenezwa na kuvu ya fusariamu, ambayo inaingia kwenye hindi likiwa bado shambani, hasa jua likilichapa wakati wa kutoa mbelewele halafu mvua ikaja, au viwavi na fukusi wakitoboa punje. Hiyo pinki na michirizi uliyoiona ndio alama yake, japo wakati mwingine hindi linaonekana safi kabisa na sumu imo.

Wasauzi ndio waliitambua sumu hii mwaka 1988. Mwaka uliofuata, mavuno ya 1989 kule Marekani, Iowa, Illinois, Georgia, nguruwe wakaanza kufa hivi hivi, wanahema, wanakuwa bluu, wakifunguliwa ni maji kifuani. Na unajua walikuwa wamelishwa nini? Chekecheo. Mapande na vumbi la mahindi lililobaki chini ya chekeche, maana punje iliyopasuka na ganda la nje ndivyo vinabeba sumu kuliko punje nzima. Yani machambuo yako yale yale. Farasi nao walikufa mwaka ule, wao inawaoza ubongo.

Inauaje? Inavuruga mafuta fulani ya kwenye chembechembe za mwili, moyo unakosa nguvu ya kusukuma, damu inakwama nyuma yake kwenye mapafu, maji yanavuja. Ndio maana nakwambia msiwakimbize, moyo wa huyo mnyama uko kwenye gia ya mwisho. Na ndio maana OTC haikuona kitu, OTC inaua vijidudu, hapa hakuna kijidudu cha kuua. Dawa ya kuitoa hii sumu mwilini haipo, ni kumuondolea chakula na kusubiri. Jike muangalie sana, nguruwe wenye mimba waliopona kwenye kuhema huwa wanatoa mimba siku moja mpaka nne baadaye.

Kwanini wamekufa wakubwa wenye afya? Umejijibu mwenyewe, walaji wazuri. Kwenye kihori kimoja anayesukuma wenzie ndie aliyekula sumu nyingi.

MamaPili_Makambako

Jamani dokta umenitisha, sisi huku mahindi yakichambuliwa mazuri ya ugali mabovu ya nguruwe, miaka yote. Swali, mbona mimi kuku nawapa hayo hayo na hawafi? Au ndo nimebahatika?

Afu kikohozi cha wale wadogo umekiacha hewani.

DoktaKwato

Kuku anaistahimili fumonisini kuliko nguruwe kwa mbali sana, hata ng'ombe anamzidi nguruwe. Wamarekani wameweka mahindi ya nguruwe yasizidi miligramu 20 za sumu hii kwa kilo na yasiwe zaidi ya nusu ya chakula chote, wakati kuku wa nyama na ng'ombe wa kunenepesha wanaruhusiwa zaidi ya hapo. Ila usikae kwa raha mama, hindi lenye ukungu halibebi sumu moja, aflatoksini ikiwemo kuku anaumia ini na mayai yanashuka bila wewe kujua sababu. Kwaiyo umebahatika, na kuku nae ni mgumu, yote mawili yapo hapo.

Kikohozi cha wadogo ni kesi nyingine kabisa na ndio iliyomchanganya jirani. Kikavu, asubuhi, hawafi, hawakui, hiyo kwa asilimia kubwa ni mikoplasma, kijidudu cha mapafu. Ukimfungua wa hivyo utakuta ncha za mbele za mapafu, zile zinazoshuka chini karibu na moyo, zimekuwa ngumu na rangi ya zambarau kama nyama ya steki. Penisilini haiiwezi kabisa maana penisilini inabomoa ukuta wa kijidudu na mikoplasma haina ukuta. OTC inaiweza, tailosini inaiweza, ila kwa utaratibu wa siku zinazotakiwa, sio sindano moja ukaacha.

Na yale madoa meupe kwenye maini, hayo ni minyoo. Mnyoo mkubwa wa nguruwe mayai yake akiyala yanaanguliwa tumboni, kiluwiluwi kinapita kwenye ini kinaacha kovu jeupe, kinapanda mapafuni, nguruwe anakikohoa anakimeza tena ndo kinakwenda kukulia utumbo. Kwaiyo hata minyoo inakohoza. Choma ivermektini ya asilimia 1, mililita 1 kwa kilo 33, chini ya ngozi, ila wakubwa subiri watulie kwanza, anza na wadogo. Mayai yake yanakaa kwenye udongo miaka, kwaiyo usafi wa banda usipobadilika utachoma kila mwaka.

MamaPili_Makambako

Na hapo kwenye banda ndo pangu. Baba Vwawa fanya hivi, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa pua ya nguruwe, kaa dakika mbili. Ukiwa umesimama hausikii kitu, wewe pua yako iko juu. Macho yakianza kuwasha kule chini jua mkojo umeoza na hewa imekuwa kali, mapafu ya mnyama yanachubuka mchana na usiku na hicho kikohozi hakitaisha hata umchome duka zima. Mi nilifunga hivyo hivyo mwaka wa kwanza nikidhani nawakinga na baridi. Hayo maranda yenye ukungu zoa yote, kavu tu ndo uweke, na pumba lowanisha na maji kidogo kabla hujaweka, ile kavu wakitia pua vumbi lote wanavuta wao. Na wewe ukizoa funga kitambaa puani.

Mkulima_wa_Vwawa

Wakuu samahani kwa ukimya, leo ni siku ya tisa tangu nifungue uzi. Natoa mrejesho.

Usiku ule ule nilitoa machambuo yote vihorini. Yule aliyekuwa anaanza kuhema alikufa kesho yake saa nne asubuhi. Wa tano akahema siku mbili nikajua nae kaenda, nikamuachia kona yake na maji, siku ya tatu akainuka akaja kihorini mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyekufa, wamebaki 10.

Jike katoa mimba Jumapili usiku. Tisa. Nilikuwa nae mpaka saa nane, anahangaika anageuka anatafuta wa kunyonyesha. Yeye mzima, anakula.

Nilichuchumaa kama mama alivyosema, sikumaliza dakika. Nimetoa maturubai ya juu, maranda nimezoa matoroli kumi na mbili, wadogo wako kwenye tailosini siku ya nne na kikohozi cha asubuhi kimepungua ila bado kipo. Afisa mifugo wa kata alikuja nikamweleza, amebeba kilo mbili za machambuo amesema atayafikisha TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, kule Iringa, kasema vizuri sikuyatupa yote maana wengi wanapeleka mzoga wakati chakula kilishaisha.

Aliyeniuzia nimempigia, kasema mzigo ule kauza kwa watu wengi na hakuna aliyelalamika zaidi yangu, akakata simu. Kwaiyo kama uko maeneo ya huku na ulichukua machambuo ya bei rahisi mwezi huu, angalia nguruwe wako wanavyohema.

Dokta swali la mwisho. Gunia sita na nusu zimebaki. Kuna mama anapika komoni, pombe ya kienyeji, anazitaka, anasema akishachachusha na kuchemsha sumu inaisha. Na mwingine anataka ya kuku. Hela nimeishiwa kweli kweli.

DoktaKwato

Pole sana kwa jike. Ukimpa huyo mama wa komoni umewahamishia watu. Sumu hii haiondoki kwa kuchemsha wala kuchacha, ni ngumu kuliko sufuria. Ya kuku nae atajuaje kama hamna aflatoksini humo. Chimba mbali na kisima, fukia kina ambacho mbwa na nguruwe hawafiki. Majibu ya Iringa yakija yaweke hapa tafadhali.

Msimu ujao kama utanunua mahindi, nunua punje nzima, mwaga kiasi kwenye ndoo ya maji, yanayoelea toa. Haimalizi sumu ila inapunguza sana maana hindi lililoliwa na kuvu ni jepesi. Na uhifadhi yakiwa yamekauka kweli, ukilitia jino linalia, sio linabonyea.

chizi_kitimoto

Mkuu pole aisee, nilitania sikujua ni ishu nzito. Shimo ukihitaji nguvu kazi mi niko Mlowo hapo, Jumamosi sina kazi.

Mkulima_wa_Vwawa

Njoo mkuu, sururu ninazo mbili. Gunia ziko uani nimezifunika na lile lile turubai nililolitoa bandani. Kipimajoto mama watoto ameshajua, nimenunua kingine, ila kile cha zamani hataki kiwekwe hata kabatini.